Barua pepe, anwani, kalenda na hati: namna ya kuziweka sawa kwenye kompyuta kadhaa, kutoka Ludara hadi Arua

Mtu mwenye kompyuta moja ofisini Koboko, nyingine nyumbani Ludara na simu mfukoni anaposafiri kwenda Arua ana nakala tatu za kazi yake. Nakala hizo zisipokubaliana, hasara hujulikana siku ya kugawana fedha za chama, au siku ya mkutano ambao nusu ya wajumbe wamefika saa moja baadaye.

Ludara ni kaunti ndogo katika wilaya ya Koboko, kaskazini-magharibi kabisa mwa Uganda. Mji wa Koboko uko takriban kilomita 55 kutoka Arua, kwa barabara iendayo Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Upande wa magharibi ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Arua mwaka 2005, lakini shughuli za watu hazikumegwa. Familia na shamba viko kijijini, ofisi ya wilaya iko Koboko, hospitali ya rufaa na maduka makubwa yako Arua. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha watu sokoni na barabarani, pamoja na Kikakwa, Kilugbara, Kinubi na Kilingala.

Hadi mwaka 2024 eneo zima la West Nile lilikuwa nje ya gridi ya taifa ya umeme. Lilitegemea mitambo ya mafuta na bwawa dogo la Nyagak katika wilaya ya Zombo, lenye uwezo wa megawati 3.5. Vijijini paneli ya jua bado ndiyo tegemeo la nyumba nyingi. Hali hiyo ina maana kubwa kwa kila jambo litakaloelezwa hapa, kwa sababu maelekezo mengi ya kusawazisha kompyuta yameandikwa na watu ambao kwao umeme na intaneti havikatiki. Ludara hukatika, na mpango wowote usiokubali ukweli huo utamwangusha mwenye nao.

Mfano mmoja utafuatwa katika makala hii. Ni wa kubuni, ila wengi watautambua. Chama cha akiba na mikopo kina katibu anayeishi Ludara na mweka hazina mwenye ofisi mjini Koboko. Baadhi ya wanachama wana ndugu Kongo na Sudan Kusini, na wawili wamehamia Melbourne, Australia, ambako bado wanachanga. Katibu hutumia kompyuta mpakato na simu. Mweka hazina hutumia kompyuta ya mezani. Wote wawili wanadhani wana orodha ileile ya wanachama.

Kusawazisha ni nini

Kunakili faili kwa flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine ni kuhamisha picha ya kazi ilivyokuwa saa fulani. Kusawazisha ni zaidi ya hapo: programu hukumbuka hali ya mwisho ambayo vifaa vyote vilikubaliana, hutazama kilichobadilika katika kila kifaa tangu wakati huo, kisha hupeleka mabadiliko hayo kwa vifaa vingine. Kama kitu kimebadilishwa upande mmoja tu, kazi ni rahisi. Kama kimebadilishwa pande zote mbili kabla ya kukutana, unazuka mgongano, na hapo programu haina hekima ya kujua nani yuko sahihi. Hufuata kanuni iliyowekewa. Baadhi hushika mabadiliko ya mwisho kwa saa na kutupa ya kwanza. Baadhi huhifadhi yote mawili na kumwachia binadamu aamue.

Wazo la kufanya kazi bila mtandao kisha kupatanisha nakala mtandao unapopatikana si geni Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla nchi haijawa na intaneti ya moja kwa moja, Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na kituo cha barua pepe kilichotumia mfumo wa FidoNet, uliobuniwa Marekani mwaka 1984. Barua ziliandikwa na kukusanywa, kisha kwa vipindi modemu ilipiga simu na kubadilishana furushi zima la barua kwa mara moja. Aliyeandika asubuhi alijua kwamba barua yake bado iko Kampala hadi simu ipigwe. Mtumiaji wa leo, anayeona alama ya mtandao juu ya kioo cha simu, mara nyingi hajui barua yake iko wapi.

Barua pepe: chanzo cha vurugu ni mpangilio wa zamani

Malalamiko ya kawaida ni haya: barua iliyosomwa kwenye kompyuta ya ofisini haionekani kwenye simu, au iliyojibiwa kwa simu inaonekana ofisini kama haijajibiwa. Karibu kila mara sababu ni kwamba kifaa kimoja kimewekwa kwenye itifaki ya POP.

POP ilibuniwa mwaka 1984, wakati mtu alikuwa na kompyuta moja tu, kama alikuwa nayo. Huchukua barua kwenye seva, huishusha kwenye kompyuta, na isipoelekezwa vingine huifuta kule ilikotoka. Ni sawa na kwenda posta na kuondoka na bahasha: atakayefuata atakuta sanduku tupu. Barua zilizotumwa nazo hubaki kwenye kompyuta iliyozituma, wala kifaa kingine hakizijui.

IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, hufanya kinyume. Barua hubaki kwenye seva na kila kifaa huonyesha nakala yake. Ikisomwa pamoja inakuwa imesomwa kote, ikihamishwa folda inahama kote, na zilizotumwa huonekana kwenye vifaa vyote. Kwa mtu mwenye kifaa zaidi ya kimoja, hakuna sababu ya kubaki na POP isipokuwa mtoa huduma hana IMAP, jambo ambalo sasa ni nadra.

Kuhama kunahitaji uangalifu. Barua zilizoshushwa kwa POP miaka iliyopita ziko kwenye kompyuta ile moja tu, na kufuta akaunti ya zamani kabla ya kuzihamisha ni kuzizika. Njia salama ni kuongeza akaunti ya IMAP kando ya ile ya POP kwenye programu ileile, kama Thunderbird au Outlook, kisha kuburuta barua za zamani kutoka folda za kompyuta hadi folda za IMAP, kidogo kidogo, usiku ambapo mtandao ni mwepesi. Akaunti ya zamani hufutwa baada ya kuhakikisha kwenye kifaa cha pili kwamba barua zimefika.

Kwa mtumiaji wa Ludara kuna mambo mawili zaidi. La kwanza, programu iagizwe kushusha barua kamili za muda fulani, tuseme miezi mitatu, ili zisomeke bila mtandao. Mipangilio mingi ya simu hushusha vichwa vya barua tu na kusubiri mtandao ndipo ilete viambatisho, na mtu hugundua hilo akiwa tayari yuko njiani. La pili, barua iliyoandikwa bila mtandao hukaa kwenye folda ya zinazosubiri kutumwa. Kompyuta ikifungwa, barua nayo imelala. Wengi wamewalaumu watu kwa kutojibu barua ambazo hazijawahi kuondoka nyumbani.

Anwani: namba bila msimbo wa nchi ni nusu ya namba

Orodha ya majina na namba za simu ndiyo mali ambayo watu hupoteza kwa urahisi kuliko zote. Namba ikihifadhiwa kwenye kadi ya SIM haisawazishwi popote. Kadi hutunza jina fupi na namba, nafasi zake ni chache, na ikipotea imepotea na vyote vilivyomo. Ikihifadhiwa kwenye kumbukumbu ya simu peke yake, hali ni hiyohiyo siku simu itakapoibwa. Ni lazima ihifadhiwe kwenye akaunti, iwe ya Google, Microsoft, Apple au ya seva ya taasisi inayotumia CardDAV, utaratibu wa pamoja uliotangazwa mwaka 2011. Simu nyingi huuliza swali hilo mara moja tu, wakati namba ya kwanza inapoandikwa, na jibu lililobofywa kwa haraka siku hiyo huendelea kutumika miaka yote.

Koboko ina tatizo lake. Mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inakutana katika wilaya hii, na simu iliyo karibu na mpaka inaweza kudaka mnara wa upande wa pili. Namba iliyoandikwa ikianza na sifuri huchukuliwa kuwa ya nchi ya mtandao uliodakwa wakati huo. Simu ikihamia mtandao wa ng'ambo, namba hiyo itampigia mtu mwingine au haitampigia yeyote. Kila namba iandikwe ikiwa kamili: +256 kwa Uganda, +243 kwa Kongo, +211 kwa Sudan Kusini, +61 kwa wale wa Australia. Ikiandikwa hivyo, hufanya kazi kutoka nchi yoyote na kwenye kifaa chochote.

Majina nayo yana visa vyake. Mtu mmoja anaweza kuwa Muhammad kwenye kompyuta, Mohamed kwenye simu na Mamadi kwenye orodha ya chama. Akaunti mbili zikiunganishwa, mtu huyo huwa watatu. Programu hutoa huduma ya kuunganisha majina yanayojirudia, na huduma hiyo inafaa, lakini isiachiwe ifanye kazi peke yake. Majina kama Drani au Candia hubebwa na watu wengi, na kuunganisha Drani wa Ludara na Drani wa Arua kwa sababu tu majina yanalingana ni kumpelekea mmoja fedha za mwingine. Kigezo kiwe namba, na jina lifuate.

Mara moja kwa mwezi orodha nzima itolewe kama faili la aina ya vCard na kuwekwa kwenye flashi. Kazi hiyo huchukua dakika mbili.

Kalenda: saa moja inayopotea mpakani

Hapa ndipo watu wa West Nile wana tatizo ambalo mtu wa Kampala huenda asilijue maishani mwake. Uganda inafuata saa za Afrika Mashariki, yaani saa tatu mbele ya saa za kimataifa. Mashariki mwa Kongo iko saa mbili mbele. Sudan Kusini ilikuwa pamoja na Uganda hadi Februari 1, 2021, iliporudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Tangu siku hiyo, mtu akivuka Oraba kwenda Kaya, au Vurra kuingia Kongo, saa yake hurudi nyuma.

Simu iliyowekwa kufuata saa za mtandao haisubiri mtu avuke. Ikidaka mnara wa ng'ambo, hubadilika yenyewe. Madhara yake ni ya aina mbili, na yafaa yatenganishwe.

Mkutano ambao tayari umo kwenye kalenda hauharibiki. Kalenda za kisasa huhifadhi wakati pamoja na kanda yake, kwa hiyo mkutano wa saa nne asubuhi wa Uganda utaonekana kwenye simu iliyopotoka kama wa saa tatu, na ukumbusho utalia kwa wakati uleule uliokusudiwa. Kengele ya kawaida ya kuamshia haina akili hiyo. Yenyewe hufuata saa iliyo kwenye kioo, kwa hiyo italia saa nzima baadaye.

Balaa kubwa ni mkutano unaoandikwa wakati simu imepotoka. Katibu akiwa karibu na mpaka anaandika mkutano wa saa nne asubuhi. Simu, ikiamini iko Kongo, inauhifadhi kama saa nne ya Kongo, ambayo ni saa tano ya Uganda. Usawazishaji unafanya kazi yake bila kosa: unaipeleka saa tano kwa mweka hazina na kwa kila aliyealikwa. Katibu anafika saa nne kwa sababu anakumbuka alichoandika, huku wengine wakifika saa tano kwa sababu kalenda imewaambia. Kila mmoja anaona mwenzake ndiye mzembe.

Dawa ni kuzima ubadilishaji wa kanda wa moja kwa moja kwenye mipangilio ya simu na kuchagua Kampala au Nairobi, ambazo saa zake ni sawa. Programu nyingi za kalenda pia zina nafasi ya kutaja kanda ya tukio lenyewe, na chama kinachofanya shughuli zake Koboko kiandike matukio yake yote kwa kanda ya Kampala. Wanachama wa Melbourne waachiwe programu iwahesabie. Tofauti kati ya Koboko na Melbourne ni saa saba katika majira yao ya baridi na saa nane katika majira ya joto, wanaposogeza saa zao mbele, na mtu anayejaribu kukumbuka lini inabadilika hukosea angalau mara mbili kwa mwaka.

Kuna na suala la Kiswahili chenyewe. Mzungumzaji anaposema saa nne asubuhi, mashine inataka aandike 10:00. Wapo wanaoandika 4:00 kwa mazoea, na ukumbusho ukawalilia alfajiri. Wenye kalenda ya pamoja waelewane kutumia mfumo wa saa 24 kwenye vifaa vyote, na kwenye kichwa cha tukio waandike kwa maneno: “Mkutano, saa nne asubuhi.” Tarakimu na maneno yasipolingana, yeyote atakayeona atauliza mapema.

Hati: nani ana ruhusa ya kuandika

Kisa cha chama kinafika hapa. Jumamosi, wanachama wanachanga Ludara. Katibu anaingiza michango ya watu 40 kwenye jedwali, bila mtandao, hadi betri inapokwisha. Jumatatu asubuhi mweka hazina anafungua jedwali hilohilo Koboko, likiwa bado la wiki iliyopita, anasahihisha namba moja ya simu na kulihifadhi. Jioni kompyuta ya katibu inapata mtandao. Programu inakuta matoleo mawili, yote mapya, yote tofauti.

Programu nzuri haitafuta lolote. Itahifadhi mafaili mawili, la pili likiwa na maneno ya kuonyesha kwamba lina mgongano, pengine pamoja na jina la kompyuta na tarehe. Dropbox, OneDrive na Nextcloud hufanya hivyo kwa namna zake. Kisha anakuja binadamu, anaona mafaili mawili yanayofanana jina, anaona moja ni la ziada, analifuta ili folda ipendeze. Kama alilofuta ndilo lenye michango ya Jumamosi, watu 40 wamechanga bure mpaka mtu alete daftari.

Hakuna programu inayotibu hilo. Kinachotibu ni makubaliano ya nani anaandika wapi. Jedwali la michango liwe la katibu peke yake. Mweka hazina alisome tu. Orodha ya namba iwe faili la mweka hazina, na katibu akitaka kusahihisha amtumie ujumbe. Pale ambapo wawili lazima waandike, kila mmoja awe na faili lake la mwezi, na ya wote wawili yajumlishwe siku maalumu wakiwa pamoja. Mistari mipya iongezwe chini badala ya kuandika juu ya ya zamani. Jina la faili lianze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, ili mafaili yajipange yenyewe.

Mfumo wa taarifa za afya wa Uganda umejengwa kwa fikra hiyohiyo. Zahanati na vituo vya afya hujaza madaftari na fomu za mwezi, na takwimu huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, ambao nchi ilianza kuutumia mwanzoni mwa muongo wa 2010. Kila takwimu ina mahali pake pa kuzaliwa. Namba ikibishaniwa wilayani, daftari la kituo ndilo hufunguliwa. Chama cha akiba nacho kina haki ya kuwa na daftari, na wala si aibu ya kukosa maendeleo.

Kuhusu njia yenyewe, chaguo ni tatu. Ya kwanza ni hati zinazoandikwa moja kwa moja kwenye mtandao, kama zile za Google au Microsoft, ambapo watu wawili huona maandishi ya kila mmoja papo hapo. Mgongano karibu haupo, ila mtandao lazima uwepo. Kuna namna ya kufanya kazi bila mtandao, lakini lazima iwashwe mapema, kwa kila kifaa, wakati mtandao bado upo. Ya pili ni folda inayosawazishwa: Dropbox ilianza kutoa huduma hiyo kwa umma mwaka 2008, Google Drive ikafuata 2012, na Nextcloud, ambayo taasisi inaweza kuiweka kwenye seva yake yenyewe, ikaanza 2016. Ya tatu haijulikani sana lakini inaifaa Ludara kuliko watu wanavyodhani. Syncthing, programu ya bure iliyoanza 2013, husawazisha kompyuta kwa kompyuta bila seva ya mtu yeyote katikati. Kompyuta mbili zikiwa kwenye Wi-Fi moja, hata isiyo na intaneti, hukamilisha kazi bila kutumia bando. Sharti lake ni kwamba zote mbili ziwe zimewashwa kwa wakati mmoja, na kwa hiyo inafaa zaidi kwa katibu anayepita ofisini mara moja kwa wiki.

Folda za mtandaoni zina mtego mmoja wa kutajwa. Ili kuokoa nafasi, OneDrive na nyinginezo huonyesha jina la faili kwenye kompyuta wakati faili lenyewe halipo, na hulishusha mtu anapolibofya. Alama ya wingu kando ya jina ndiyo dalili. Mtu huona folda imejaa hati zake, hufunga kompyuta kwa amani, na akifika kijijini hakuna hata moja inayofunguka. Folda muhimu ibofywe kwa kitufe cha kulia na kuchaguliwa ibaki kwenye kifaa daima.

Tahadhari hiyo haihusu vijiji tu. Wakati wa uchaguzi mkuu wa Januari 2021, intaneti ilizimwa nchini Uganda kote kuanzia jioni ya tarehe 13 hadi tarehe 18. Kwa siku hizo Kampala yenye mikongo na Ludara yenye paneli zilikuwa sawa: aliyekuwa na nakala kwenye mashine yake aliweza kuendelea na kazi.

Kusawazisha si kuweka akiba

Kosa la gharama kubwa kuliko yote ni kudhani kwamba kitu kilichopo kwenye vifaa vitatu hakiwezi kupotea. Usawazishaji hupeleka ufutaji kwa uaminifu uleule unaopeleka maandishi. Mtoto akifuta folda kwenye simu, dakika chache baadaye haipo Koboko wala Arua. Kirusi kilichoingia kwa flashi kikiharibu mafaili, uharibifu nao husambazwa. Huduma nyingi huhifadhi vilivyofutwa kwa muda, Google Drive kwa mfano kwa siku 30, na baada ya hapo havipo tena.

Kwa hiyo pamoja na usawazishaji panahitajika akiba isiyounganishwa na kitu: diski ya nje inayochomekwa mara moja kwa wiki, ikanakiliwa, ikachomolewa na kuwekwa kwenye nyumba nyingine. Ikiachwa imechomekwa, itapata kila kinachoipata kompyuta.

Bando na siri za watu

Data ina gharama. Kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, iliyoanza Julai 2018, iliondolewa, na tangu Julai 2021 imekuwepo kodi ya asilimia 12 kwenye data yenyewe. Kinachomaliza bando si barua wala jedwali. Jedwali la kilobaiti 200 ni dogo mara 15 kuliko picha moja ya megabaiti 3. Kinacholimaliza ni picha na video za simu zinazopandishwa kimyakimya. Upandishaji wa picha uwekwe ufanyike kwenye Wi-Fi tu, na folda ya kazi itenganishwe na folda ya picha.

La siri ni zito zaidi. Koboko ina makazi ya wakimbizi ya Lobule, yanayohifadhi watu kutoka Kongo, na vyama na mashirika ya eneo hili hushika orodha zenye majina ya watu waliokimbia watu wengine. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azilinde. Orodha ya namna hiyo ikiwa kwenye vifaa vitatu, ina milango mitatu ya kuibiwa. Kila kifaa kiwe na nywila ya kukifungua, akaunti iwe na uthibitisho wa hatua mbili, na simu iliyopotea iondolewe kwenye akaunti siku ileile kutoka kwenye kompyuta. Kwenye mkahawa wa intaneti, folda isisawazishwe kamwe. Hati isomwe kwenye kivinjari, kisha mtu atoke kwenye akaunti kabla ya kuinuka kitini.

Kabla ya kuutegemea mpango wowote, ujaribiwe kwa mambo madogo. Uandikwe mstari mmoja kwenye hati ya majaribio huko Ludara, mtandao ukiwa umezimwa, kisha kompyuta ipelekwe Koboko na kuunganishwa. Mstari huo utafutwe kwenye kompyuta ya mezani, halafu kwenye simu. Vivyo hivyo kwa namba moja mpya, barua moja na mkutano mmoja, ukiwa na saa iliyotajwa kwa maneno. Baada ya hapo hati hiyo ifutwe kwenye simu, na ionekane kama diski ya akiba bado inayo.